UMEME NDANI YA NYUMBA ZETU NA NDANI YA GHALA LETU

(Mazungumzo ya fundi umeme, mwanachama wa ushirika wetu, mbele ya mkutano wa wanachama hapa Mugoma. Katibu ameyaandika kama yalivyosemwa ili na wale waliokuwa shambani wasome. Tafadhali usichane karatasi hii, wengine bado hawajasoma.)



Nimepewa nafasi baada ya taarifa ya mizani na kabla ya mengineyo. Najua mna njaa. Lakini kamati imenipa karatasi ya makadirio ya kufunga umeme ghalani, na kwenye karatasi hiyo kuna mstari umekatwa kwa kalamu nyekundu. Mstari huo ndio ulionisimamisha hapa. Nitaufikia. Kwanza nataka tuelewane juu ya umeme wenyewe, maana mtu hawezi kubishana juu ya bei ya kitu asichokijua.

Wazee wenzangu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Tulikaa vikundi vikundi chini ya mti, redio katikati, kitabu mkononi, kipindi kikiisha tunajadiliana, kisha kila mtu anakwenda kuchimba choo. Hakuna aliyetuambia choo ni cha mtaalamu peke yake. Tulifundishwa kwa nini kinachimbwa mbali na kisima, na kwa sababu tulijua kwa nini, tulichimba. Umeme nao nautaka hivyo. Sisemi kila mtu awe fundi. Nasema kila mwenye nyumba ajue anachokilipia.

Umeme umetukaribia sana. Wakala wa Nishati Vijijini, ule tunaouita REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ukaanza kazi 2007, na leo nguzo zake ziko vijijini. Na hapa kwetu wilayani Ngara, pale Rusumo kwenye maporomoko ya mto Kagera, nchi tatu, yaani Tanzania, Rwanda na Burundi, zimejenga mtambo wa megawati 80 zinazogawanywa kwa watatu. Mashine zake tatu zilianza kutoa umeme kati ya mwaka 2023 na 2024. Kwa hiyo asiseme mtu umeme ni mambo ya Dar es Salaam. Maji yanayouzungusha ni haya yanayotoka milimani kwetu na kwa jirani zetu.

Wala sikuja kuwatisha ili mrudi kwenye koroboi. Koroboi na mshumaa vimeua watu wengi tu. Mwaka 2009 kule Idodi, Iringa, wasichana 12 walikufa bwenini kwa moto uliosemwa umetokana na mshumaa. Umeme uliofungwa vizuri ni salama kuliko mshumaa. Neno zito hapo ni "uliofungwa vizuri".

Sasa jambo la kwanza, ambalo watu wengi hawalijui. Ile shilingi 27,000 tuliyozoea kuisikia mikutanoni ni ya kuunganishiwa laini mpaka kwenye mita. Kutoka mita kuingia ndani ni mali yako, ni gharama yako, na balaa lake ni lako. TANESCO hawakutandikii nyaya chumbani. Anayefanya kazi hiyo ni fundi unayemchagua wewe, na hapo ndipo vishoka wanapoingilia.

Kishoka mnamjua. Ana testa mfukoni, ana maneno mengi, na bei yake siku zote iko chini kidogo ya mwenzake. Fundi wa kweli ana leseni ya EWURA, ina jina lake, ina daraja lake na tarehe yake ya kwisha. Mwambie akuonyeshe. Fundi mwenye leseni haoni haya kuombwa leseni, kama vile dereva haoni haya. Na tena, fomu ya kuomba umeme ina sehemu ya fundi kujaza na kugonga muhuri kwamba kazi ameifanya yeye. Kuna watu wanaouza muhuri. Kazi kafanya kishoka, muhuri kagonga mwingine ambaye hata kizingiti cha nyumba yako hakijui. Mkikubali mchezo huo, siku ya msiba hamtamwona mwenye muhuri wala mwenye testa.

Mwenye nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili, ambaye hana fedha za kutandaza nyaya, aulizie kile kifaa kinachoitwa UMETA, Umeme Tayari. Ni kiboksi kimoja chenye soketi, swichi, mahali pa taa na breka yake ndani. Ni afadhali mara kumi kuliko waya uliotundikwa juu ya kenchi kwa misumari.

Hebu sasa tuulize: umeme unamuuaje mtu? Umeme unataka kurudi ulikotoka. Una njia mbili: kurudi kwa waya wa pili, tunaouita nyutro, au kupita ardhini. Ukishika waya wa moto huku umesimama peku kwenye sakafu yenye maji, wewe ndiye njia. Umeme wa majumbani ni volti 230. Mwili uliolowa unauzuia kwa omu 1,000 hivi. Gawanya: unapata mili-ampea 230. Ni nyingi au kidogo? Mili-ampea 10 hadi 20 zinatosha kukaza misuli ya mkono hata usiweze kuachia. Ndiyo maana watu husema "umeme ulimvuta". Haukumvuta, mkono wake mwenyewe ulijifunga. Zikizidi 30 na kukaa kidogo, moyo unaweza kuacha mapigo yake ukabaki kutetemeka tu. Ile globu ndogo ya wati 9 unayowasha sebuleni inakula karibu mili-ampea 40. Kwa hiyo umeme wa kuwasha globu moja ndogo, ukipita kifuani, unaweza kuua. Msiseme "mimi nina taa tu, sina vitu vikubwa".

Basi nitawaeleza kisa changu, na sikieleze kwa kujisifu.

Mwaka 2016 nilifunga umeme kwenye nyumba ya shemeji yangu, mbali na hapa. Akaniambia, "Shemeji, punguza punguza, fedha imekwisha." Nikapunguza. Nilichopunguza ni waya wa ethi, yaani ule waya wa kijani na njano, pamoja na chuma chake cha kupiga ardhini. Nilijiambia ana taa tano na redio, ethi ya nini? Taa ziliwaka, tukanywa soda, nikapanda basi. Baada ya mwaka na nusu shemeji akanunua friji la mtumba. Ndani ya friji waya ulikuwa umechubuka ukagusa bodi. Bodi nzima ya friji ikawa na moto, na friji linafanya kazi vizuri, linagandisha, hakuna dalili. Dada alipiga deki asubuhi. Mtoto wao wa miaka sita akaja peku kuchukua maji ya kunywa, akashika mpini.

Hakufa. Mlango ulifunguka ukamwachanisha, akaangukia upande wa pili. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua mpaka leo havikunjuki sawasawa. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Nikifika pale huniletea kiti na kunisalimia kwa adabu, "Shikamoo mjomba," na mimi kila mara huangalia mkono ule. Chuma nilichokiacha kilikuwa kifupi kuliko jembe na mpini wake.

Sasa turudi kwenye karatasi ya kamati. Mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu ni huu: "Chuma cha ethi, waya wake, na swichi ya kukata umeme unapovuja." Pembeni mtu ameandika: "Itafuata baadaye." Ndugu Mwenyekiti, sikumuuliza aliyeandika ni nani, wala sitaki kujua. Kosa hilo nilikwisha kulifanya mimi, kwa hiyo sina mdomo wa kumcheka mtu.

Lakini nieleze kwa nini haiwezi kufuata baadaye. Kazi ya ethi ni hii: bodi ya chuma ya mashine, ya friji, ya pasi, inafungwa waya unaokwenda mpaka kwenye chuma kilichopigwa ardhini. Waya wa moto ukigusa bodi, umeme unapata njia nyepesi ya kukimbilia ardhini kuliko kupita mwilini mwako. Chuma chenyewe kiwe cha kopa au kilichovikwa kopa, kisipungue mita 1.2, na kipigwe chote kiishe ardhini. Nimeona mahali fundi amekutana na jiwe, akakata chuma kwa msumeno, akakiacha futi moja juu ya jiwe, akakifukia na udongo kikaonekana kizuri. Hii milima yetu ina mawe. Ukikutana na jiwe hama, piga pengine. Chagua mahali udongo unapokaa na unyevu, karibu na maji ya bafu yanapomwagika. Maana ukifika mwezi wa sita hadi wa nane, kiangazi kikikausha udongo, ethi iliyokuwa nzuri wakati wa masika inakuwa dhaifu.

Hapo sasa sikilizeni vizuri, maana hata mafundi wengine hapa huwapita. Tuseme chuma chako ardhini kina ukinzani wa omu 100, jambo la kawaida kwenye udongo mkavu wa mawe. Waya wa moto ukagusa bodi. Volti 230 gawanya kwa 100, ni ampea 2.3. Breka ya soketi ni ya ampea 16 au 20. Itakatika? Haitakatika! Yenyewe inaona kama umewasha pasi nusu. Mashine itabaki na moto kwenye bodi, siku nzima, ikimngoja mtu. Hata chuma chako kikiwa kizuri cha omu 20, utapata ampea 11.5, na breka bado imelala.

Ndiyo maana ipo ile swichi ya pili niliyoiandika kwenye makadirio. Dukani iulize kwa herufi zake tatu: RCD. Inafanana na breka lakini ina kitufe kidogo cha kujaribia. Hii haiangalii umeme ni mwingi au kidogo. Inahesabu uliotoka na uliorudi, kama katibu anavyohesabu magunia mlangoni. Yakitoka 50 na kurudi 49, anauliza moja limekwenda wapi. Ukipotea umeme wa mili-ampea 30 tu, inakata, na inakata kabla moyo haujachanganyikiwa. Nunueni iliyoandikwa 30. Iko nyingine ya 100 na ya 300, hizo si za kumlinda mtu. Na kile kitufe kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu, isipokata, ibadilishwe. Breka ni ya kulinda waya usiungue. RCD ni ya kukulinda wewe. Mtu asidanganywe kwamba moja inatosha.

Mstari ule, ndugu zangu, ndio pekee katika karatasi nzima unaohusu uhai wa mtu. Mingine yote inahusu mwanga.

Nije kwenye nyaya. Waya una unene wake. Wa taa ni 1.5. Wa soketi ni 2.5. Wa jiko kubwa la umeme ni 6, au 4 kwa jiko dogo, fundi atapiga hesabu. Usikubali waya wa taa upelekwe kwenye soketi. Hesabu yenyewe si ngumu: chukua wati, gawanya kwa 230, unapata ampea. Pasi ya wati 1,000, jagi la kuchemshia maji la wati 2,000, na jiko la sahani moja la wati 1,500, vyote umevichomeka kwenye ekstensheni moja: jumla wati 4,500, karibu ampea 20. Ekstensheni imetengenezwa kwa 13. Na joto la waya haliongezeki sawasawa na umeme. Umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Plagi ikinukia, ikiwa na rangi ya kahawia, ikiwa ya moto ukiigusa, hiyo imekwisha kukuambia.

Madukani kuna waya wa ujanja. Nje unaonekana kopa, ukiukwangua kwa kisu ndani ni mweupe: ni alumini iliyopakwa. Ni mwepesi mkononi na unavunjika ukiukunja mara chache. Nenda na kisu dukani. Mwenye duka akikataa usikwangue ncha, toka. Angalia pia alama ya TBS.

Rangi. Nyaya za zamani, moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Za sasa, moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Ethi ni kijani na njano, na haitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Niliwahi kufungua swichi nikakuta fundi aliishiwa waya mwekundu akautumia wa kijani kupeleka moto. Siku atakapokuja mwingine kutengeneza ataushika kwa imani.

Swichi ya taa ikate moto, isikate nyutro. Ikikata nyutro taa itazimika kama kawaida, lakini holda ina moto bado, na mama akipanda stuli kubadilisha globu, huku swichi imezimwa, anapigwa. Hili mnaweza kulipima: zima swichi, fundi aguse kwenye holda kwa testa. Ikiwaka, kazi irudiwe, na asilipwe kwanza.

Nyaya zipite ndani ya paipu, ukutani na darini. Msidanganywe kwamba darini hakuna anayepita. Wapo panya, na panya anapenda plastiki ya waya kuliko hata mahindi yenu. Mchwa naye hujenga kichuguu ndani ya boksi la swichi, na udongo wake una unyevu. Waya uliochubuka ukigusa bati, nyumba nzima juu inakuwa na moto, na mvua ikinyesha maji ya bati yanateremka ukutani. Kuungana kwa nyaya kufanyike ndani ya boksi kwa viungio vya skrubu. Siyo kusokota na kufunga nailoni. Nasikia mtu akicheka. Nyumbani kwako nimeiona, bwana, nailoni ya bluu.

Soketi zisiwe bafuni wala karibu na ndoo za maji. Ile hita ya kutumbukiza ndani ya ndoo ichomolewe kabla hujaweka kidole majini. Usizime swichi tu: chomoa. Soketi zetu za matundu matatu zina ujanja wake: tundu la juu ni la ethi, na mguu wa ethi wa plagi ni mrefu makusudi ili utangulie kuingia na kufungua vifuniko vya yale mawili ya chini. Kwa hiyo ukitumia kalamu au kijiti kufungua tundu la juu ili uingize plagi ya miguu miwili, umevunja mlango uliowekwa kwa ajili ya mtoto wako. Na mtoto anakutazama. Kesho ataleta msumari.

Fyuzi ikikatika, usiifunge kwa karatasi ya sigara wala kwa uzi wa waya. Breka ikiruka mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi. Mtu akipiga kelele, huzibi mdomo wake, unauliza kuna nini.

Sasa ghala. Ghala la kahawa si sebule. Kuna magunia ya katani, kuna maganda makavu, kuna vumbi. Taa zisining'inie juu ya marundo ya magunia. Ziwe kwenye njia ya katikati, ziwe na vifuniko, na ziwe za LED kwa sababu hazipati moto kama globu za zamani. Kuweka soketi sakafuni hapana. Swichi kubwa ya kuzima yote iwe nje au karibu kabisa na mlango, mahali mlinzi anapofika bila kupita kwenye moshi. Kila jioni ghala likifungwa, swichi hiyo izimwe.

Mkinunua mashine ya kukoboa kama ilivyopendekezwa, hiyo itataka umeme wa njia tatu, volti 400. Mota inapoanza kuzunguka hula umeme mara tano hadi saba ya kawaida, kwa muda mfupi. Hapo breka isiyochaguliwa vizuri itaruka, na mtu atasema tuweke kubwa. Ipo aina ya breka ya mota na kiwashio chake. Fundi wa daraja linalohusika ndiye afanye. Mimi leseni yangu haifiki huko, nasema wazi, mtafuteni mwingine. Pia pawe na kitufe chekundu cha kusimamisha, mahali mkono wa anayelisha mashine unapofika, siyo ukuta wa pili.

Na kabla fundi hajalipwa, ghalani na majumbani, apime mbele yenu. Ana chombo kinachoitwa mega, kinapima kama nyaya zinavujishiana. Isome: isiwe chini ya megomu 1. Apime ethi. Abonyeze kitufe cha RCD muone inakata. Asiyekuwa na mega hajamaliza kazi, amewasha taa tu.

Nje ya nyumba nitapita haraka. Msifunge mbuzi kwenye waya wa kushikilia nguzo, wala kuanika nguo juu yake. Msipande mikaratusi chini ya laini. Upepo ukiangusha waya, msiukaribie, kaeni mbali si chini ya mita 10, zuieni watoto na ng'ombe, pigeni TANESCO namba 180. Ukijikuta umekwisha kukaribia, usikimbie kwa hatua ndefu, maana ardhi yenyewe pale ina umeme na mguu wa mbele na wa nyuma havipati sawa. Burura miguu ikiwa pamoja, polepole, utoke. Radi ikianza kunguruma, chomoa televisheni na redio mapema.

Mtu akipigwa, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza. Ukishindwa, msukume waya kwa mti mkavu, huku umesimama juu ya kitu kikavu. Kisha mwangalie anapumua? Hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue au afike wa kukupokea, huku mwingine anatafuta gari la hospitali. Haya ya kumfukia mchangani na kumnywesha maziwa tuyaache. Maziwa kwa mtu aliyezimia yanaingia mapafuni, na muda mnaochimba shimo ndio muda moyo wake ulikuwa unawahitaji ninyi. Na hata akiamka akasema amepona, apelekwe, kwa sababu umeme huunguza ndani kusikoonekana.

Mama zangu, neno moja kwenu. Fundi akija kufunga umeme mara nyingi huongea na baba, baba anatia sahihi, baba anakwenda zake kwenye mnada. Anayepiga deki, anayepasi, anayekaa na watoto ni wewe. Mwambie fundi akuonyeshe swichi kubwa iko wapi na inazimwaje, uizime kwa mkono wako mara mbili mbele yake. Isiwekwe juu usipofika. Mtoto wa darasa la nne naye aijue.

(Hapa mwanachama mmoja mzee aliuliza: kama fedha ya ushirika haitoshi kwa vyote, si afadhali tuanze na taa tupate kupokea kahawa usiku? Fundi akajibu:)

Mzee wangu, nimekuelewa, na msimu haungoji. Lakini pendekezo langu kwa kamati ni kupunguza taa badala ya ethi. Makadirio yana taa 12 na soketi 8. Wekeni taa 6 na soketi 3, moja ya mizani, moja ya kuchajia simu za wapokeaji, moja ya akiba, na ule mstari mwekundu urudishwe wote. Taa nyingine ndizo zifuate baadaye. Giza la pembeni mtalimulika kwa tochi mwaka mmoja, hakuna atakayekufa. Nimepiga hesabu usiku, inatosha na inabaki kidogo ya kununua bati la kufunikia mita.

Kama mkutano ukikataa, nitaheshimu kura. Ila kazi ile sitaifanya mimi, na muhuri wangu sitaugonga.

(Mkutano ulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mstari umerudishwa, kwa kura nyingi. Watatu hawakunyoosha upande wowote. Wanachama waliokwisha kuingiza umeme nyumbani na wanaotaka kukaguliwa bila malipo waandike majina kwa katibu kabla ya Jumamosi. Fundi anaomba kila mmoja awe na ngazi yake, na awafunge mbwa.)